Milingoti ya Limuru

Desemba iliyopita tulipanda kutoka Mombasa hadi Limuru kumsindikiza binamu yangu kuoa. Asubuhi ya pili, wenzangu wakiwa bado wamejikunyata ndani ya mablanketi kwa baridi wasiyoizoea, nilimwomba shemeji yetu mpya anipeleke mahali ambapo milingoti ya runinga inaonekana vizuri. Alishangaa. Wageni wa pwani, akaniambia, huomba kupelekwa kwenye mashamba ya majani chai wapige picha. Lakini ni mtu muungwana, akawasha gari tukaenda. Ukungu ndiyo kwanza ulikuwa unaachia. Akasimama kando ya barabara, akanyoosha kidole, nami nikaiona: vyuma virefu vyenye mistari myekundu na myeupe vikichomoza juu ya miti, na chini yake mapaa ya vijumba ambavyo ukivipita bila kuambiwa hutageuza shingo.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma jina la Limuru magazetini kila runinga zetu zinapozimwa, na sikuwahi kupaona. Nilikaa garini nikitazama mpaka shemeji akaniuliza kama naumwa.

Sababu ya milingoti kuwa pale ni nyepesi. Mawimbi yanayobeba picha za runinga husafiri kwa mstari ulionyooka. Mlima ukiyakinga yamekingika, ghorofa ikiyaziba yamezibika. Anayetaka kuzifikia nyumba nyingi sharti apande juu kadiri awezavyo, na Limuru iko ukingoni mwa Bonde la Ufa, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ikiiangalia Nairobi kwa chini. Ndiyo maana vituo vinavyogombania watazamaji mjini, na ambavyo wenyewe hawapikiki chungu kimoja, mitambo yao imekuwa majirani wa mlima mmoja. Kwa fundi ni mpango mzuri. Kwa mtu anayetaka nchi isione, mpango ni mzuri zaidi, maana hana haja ya kuzunguka: gari moja la polisi na afisa mwenye barua wanatosha.

Nimeishi umri wa kutosha kuiona nchi hii ikinyamazishwa mara kadhaa. Kila mara tumepewa sababu nyingine: mapinduzi, amani, leseni, dijitali, usalama. Kinachofanyika ni kilekile. Mtu anaingia katika chumba fulani, anabonyeza swichi, anatoka. Nataka kuvisimulia vyumba hivyo kimoja kimoja, kwa kuwa naona tumetumia miaka mingi kubishana juu ya maneno ya sheria bila kuuliza chumba kiko wapi na ufunguo anao nani.

*

Swichi ya kwanza niliyoifahamu maishani ilikuwa ya redio ya baba. Redio ilikaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa alichofuma mama, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Baba aliiwasha wakati wa taarifa ya habari na kuizima taarifa ikiisha, kwa kuhurumia betri. Betri zikichoka zilianikwa juani dirishani kama dagaa, na kweli zilipata nguvu za siku mbili tatu zaidi.

Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982 nilikuwa na miaka 9. Baba aliwasha redio asubuhi, tukasikia kwamba serikali imepinduliwa. Namkumbuka mama amesimama mlangoni na mwiko mkononi, hajui aingie au arudi jikoni. Kilichomfanya baba aamini upesi ni sauti yenyewe. Ilikuwa ya Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, ng'ambo tu ya daraja kutoka kwetu, mtu ambaye tangu 1966 alikuwa akiwafunza Wakenya adabu katika kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? Sisi watoto tulikuwa tukikaripiwa kwa maneno ya Mbotela kuliko kwa maneno ya mwalimu. Akisema Mbotela kwamba serikali imeanguka, imeanguka.

Baadaye tulikuja kujua kwamba wanajeshi wa angani walimfuata nyumbani, wakampeleka kituoni na kumsomesha tangazo. Siku ileile wanajeshi watiifu kwa serikali wakakikomboa kituo, na sauti ileile ikatangaza kwamba Rais Moi angali madarakani. Kati ya matangazo hayo mawili baba alikuwa akiuzungusha mshale wa redio polepole, akitafuta Dar es Salaam, akitafuta London, na baina ya stesheni na stesheni redio ilikuwa ikichacharika kama mafuta ya moto yaliyoingia maji. Mbotela alipofariki Februari 2025, kilichonijia kwanza ni mchacharizo ule.

Wale vijana wa jeshi walikosea mengi, lakini jambo moja walilielewa barabara. Kenya nzima ilikuwa na mdomo mmoja, nao ulikuwa ndani ya jengo moja kwenye Barabara ya Harry Thuku, Nairobi. Aliyelishika jengo ameshika mdomo.

Na mdomo haukuwa mmoja kwa bahati mbaya. Utangazaji ulianza hapa 1928, kampuni ya Kiingereza ikiwatangazia walowezi habari za kwao. Kiswahili kilipata nafasi ya maana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilipokuwa na jambo la kuwaambia wazazi ambao watoto wao walikuwa vitani. Runinga ilikuja 1962. Julai 1964, uhuru ukiwa haujatimiza mwaka, serikali ililichukua shirika la utangazaji, KBC, likawa Sauti ya Kenya chini ya wizara. Mwaka 1989 likarudishiwa jina la KBC. Runinga ya pili, KTN, haikuwako hadi Machi 1990, na mwanzoni ilionekana Nairobi na viunga vyake tu. Redio ya kwanza ya FM ya mtu binafsi ni ya 1996. Maana yake, kwa zaidi ya robo karne tangu uhuru, Mkenya hakuwa na kituo chochote nchini mwake ambacho habari zake hazikupita mezani kwa serikali. Wenzangu wa rika langu wanajua taarifa ya habari ilivyoanza kila jioni: Mtukufu Rais leo amefanya hivi, Mtukufu Rais leo amesema vile.

*

Babu yangu mzaa mama alikuwa na kisa chake, na alikirudia hata tukakijua kwa moyo. Katika miaka ya 1950, Mji wa Kale, alasiri, wazee walikusanyika barazani palipokuwa na redio ya mawimbi mafupi. Kahawa ilizungushwa, mlango ukarudishwa nusu, mshale ukatafutwa. Walikuwa wakisikiliza Cairo. Julai 1954 redio ya Misri ya Gamal Abdel Nasser ilianza kutangaza kwa Kiswahili, ikiwasema Waingereza kwa jina, kwa lugha ambayo Waingereza walidhani ni ya kutolea amri kwa watumishi. Babu alipofika hapo alicheka mpaka akakohoa.

Serikali ya kikoloni haikucheka. Ilikuwa na mamlaka juu ya kila kituo kilichomo nchini, lakini Cairo haikuwa nchini. Ikajaribu kushindana: Mombasa tukapata Sauti ya Mvita, redio ya kuwatuliza watu wa pwani kwa qasida, mashairi na habari zilizochujwa, na Juni 1957 BBC nayo ikaanzisha matangazo yake ya Kiswahili kutoka London. Baadhi ya fahari kubwa za utangazaji wa Kiswahili zilizaliwa hivyo, kwa kuiogopa Cairo.

Mawimbi mafupi hayaendi kama mawimbi ya runinga. Hupanda, hugonga tabaka la juu la anga, hurudi chini mamia au maelfu ya kilomita mbali. Sauti huja imechakaa, inapanda na kushuka kama mtu anayeongea ndani ya upepo, lakini inafika, na hakuna mlima wa karibu ambao polisi atapanda kuizima. Tulipohamia FM na runinga za milingoti tulipata sauti safi na picha nzuri. Tulichotoa badala yake sikumbuki mtu yeyote akikitaja wakati ule. Kila kilicho safi kilikuwa karibu, na kilicho karibu kinafikika kwa gari.

*

Intaneti ilipokuja niliipokea kama babu alivyoipokea Cairo.

Mwaka 2000 nilikuwa mhudumu katika saiba moja karibu na Barabara ya Digo. Kompyuta nane, pangaboi mbili, na saa kubwa ya ukutani kwa sababu dakika moja ilikuwa shilingi 10 na wateja hawakuamini saa ya kwenye skrini. Wengi walikuwa wanawake wenye watoto wao Muscat, Dubai, Jeddah. Hawakuandika wenyewe, waliniambia nikaandika. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuja kila Alhamisi, akakaa na buibui yake vizuri, akaanza: "Mwandikie nimepata zile pesa. Mwandikie Mungu amuweke." Kisha nikibonyeza kutuma tulikaa wote wawili tukiitazama alama ndogo ikizunguka, yeye akiitazama saa. "Mbona haiendi, mwanangu?" Nilikuwa sijui.

Aliyenieleza ni fundi aliyekuwa akija kutengeneza mashine. Alichora kwenye karatasi ya risiti. Barua ya kutoka hapa kwenda Dubai, akasema, inapanda kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, inashuka ng'ambo, ndipo inaanza safari. Hilo nililikubali. Kisha akachora mstari mwingine. Barua ya kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi inayoitazama ng'ambo ya barabara, kama ofisi hizo zinanunua intaneti kwa kampuni mbili tofauti, nayo inapanda kilomita 36,000, inafika Marekani, inageuka, inarudi. Nilidhani ananitania. Akaniapia.

Kisa kilichofuata nakihesabu kuwa kikubwa kuliko vyote katika historia ya intaneti ya Kenya, na sijawahi kukisikia kikisimuliwa kwenye baraza lolote. Kampuni za kuuza intaneti, zikiwa zimeungana katika chama chao cha TESPOK, ziliamua kufanya jambo la akili ya kawaida: ziweke kifaa kimoja Nairobi, kila kampuni ivute waya wake hadi pale, ili barua za Wakenya kwa Wakenya zibadilishane mikono papo hapo bila kwenda Marekani. Kifaa chenyewe mafundi hukiita swichi. Hii si swichi ya kuzima na kuwasha. Ni sanduku la matundu linalopokea data huku na kuielekeza kule. Mahali hapo pakaitwa KIXP, pakaanza kazi Novemba 2000.

Palidumu wiki mbili.

Sheria ya Mawasiliano ya 1998 ilikuwa imelivunja shirika la zamani la posta na simu, na kuipa Telkom Kenya haki ya peke yake ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa kwa miaka mitano. Telkom ililalamika kwamba KIXP inaingilia haki hiyo. Tume ya Mawasiliano, CCK, ikakubaliana nayo, ikasema swichi ile ni mtambo usio na leseni, ikaamuru ufungwe. Nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi. Haki ya Telkom ilikuwa juu ya safari za ng'ambo. Swichi ile ilikuwa imewekwa ili safari za nyumbani zisiende ng'ambo. Kuifunga ni kumwambia mtu wa Kisauni kwamba akitaka kumwona jirani yake lazima apitie Mecca, kwa kuwa kuna mwenye haki ya kuuza tiketi za ndege.

Wenye kampuni hawakuandamana. Walikwenda mbele ya baraza la rufaa la mawasiliano, wakaandika barua, wakachora michoro, wakawaeleza maofisa wa serikali kimoja kimoja data inavyosafiri. Ilichukua karibu mwaka. Leseni ikatoka, na Februari 2002 KIXP ikawashwa tena. Ujumbe wa Nairobi kwa Nairobi ambao ulikuwa ukitumia zaidi ya sekunde nzima kwenda na kurudi ukashuka hadi chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Miaka kumi baadaye mtu alikuwa anajaza fomu za ushuru mtandaoni bila kujua kwamba kuna sanduku lililopiganiwa ili ukurasa ule ufunguke kabla chai haijapoa.

Naiheshimu subira ya watu wale kuliko ninavyoweza kueleza. Hawakusema sheria ziondolewe. Walisema sheria hii imesomwa vibaya, na wakathibitisha.

*

Desemba 30, 2007 ilikuwa Jumapili pia. Jioni ile mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, alimtangaza mshindi wa urais mbele ya kamera za KBC peke yake, na Mwai Kibaki akaapishwa jua likizama. Muda mfupi baadaye serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, vituo vyote, kwa ajili ya amani. Marufuku hiyo haikuondolewa hadi Februari 2008. Siku zile watu wakauana, na runinga zikawa zikituonyesha filamu za Nigeria.

Safari hii hakuna aliyehitaji kupanda mlima. Agizo lilitosha, vituo vikajizima vyenyewe.

Lakini sitaki kuisimulia habari hii kwa upande mmoja, maana nimewasikia vijana wakisema kwamba serikali haina kazi yoyote kwenye mawimbi. Nasema inayo. Masafa ya redio ni kama barabara nyembamba: wawili wakiingia kwa wakati mmoja hakuna anayepita, kwa hiyo lazima awepo wa kuyagawa. Na maneno huua. Tume ya Jaji Waki iliyochunguza ghasia zile ilisikia ushahidi juu ya redio za lugha za mama zilizokuwa zikichochea watu wa kabila moja dhidi ya lingine. Mtangazaji mmoja wa Kass FM, Joshua arap Sang, alipelekwa hadi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, na kesi yake ikasitishwa Aprili 2016 bila kupatikana na hatia. Mtaani kwetu alihamia dada mmoja aliyetoka Bonde la Ufa na watoto watatu na godoro. Hakutaka redio iwashwe ndani ya chumba alichomo, ya lugha yoyote. Mimi siwezi kumwambia mtu huyo kwamba kila sauti iachwe ipite.

Ninachokisema ni kwamba marufuku ile haikuwagusa wachochezi. Walionyamazishwa ni wale waliokuwa na kamera. Mapema Januari 2008 ndipo Wakenya wachache waliokuwa wakiandika mtandaoni wakatengeneza Ushahidi, ramani ambayo mtu wa kawaida angeweza kutuma ujumbe wa simu kusema hapa kwetu pamechomwa nyumba, hapa kwetu barabara imefungwa. Jina lilitoshea kazi yake.

Juni 2009 nilisimama katika umati Fort Jesus, Rais Kibaki akiuzindua mkongo wa TEAMS. Ulilazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, kwenye Falme za Kiarabu, hadi kwetu, karibu kilomita 5,000, njia ambayo majahazi ya babu zetu yaliijua kwa nyota. Mkongo wenyewe kwenye kina kirefu hauzidi unene wa mpira wa kumwagilia maua, na nyuzi za kioo zinazobeba data ndani yake ni nyembamba kama unywele. Mwezi uliofuata mkongo wa SEACOM ukaanza kazi. Yule bibi wa Alhamisi alikuwa ameshafariki. Nilimfikiria na saa yake.

Mwaka uliofuata tukapata Katiba mpya. Kifungu cha 34 nimekisoma mara nyingi hata nakijua: utangazaji uko huru, na leseni ziwepo kwa kiasi tu cha kupanga masafa na usambazaji wa mawimbi, nazo zitolewe na chombo kisichoongozwa na serikali, siasa wala biashara. Aliyekiandika alikuwa anaijua historia ya jengo la Harry Thuku.

*

Ya mwaka 2015 nayapita haraka. Dunia ilikuwa imekubaliana huko Geneva 2006 kwamba runinga za analogi zihamie dijitali ifikapo Juni 2015. Vituo vikubwa vilitaka leseni yao ya kusambaza mawimbi, badala ya kubebwa na kampuni mbili zilizokuwa zimepewa kazi hiyo. Wakaenda hadi Mahakama ya Upeo. Tarehe 14 Februari maofisa wa Mamlaka ya Mawasiliano, iliyorithi kazi ya CCK, wakiandamana na polisi walipanda Limuru na kuzima mitambo ya analogi ya NTV, KTN na Citizen. Vituo vilikaa gizani siku 19. Katika ugomvi ule kila upande ulikuwa na faida yake, na sikuona wa kumlilia isipokuwa mtazamaji aliyelazimika kununua king'amuzi bila kujua kitaonyesha nini. Lakini njia ya kwenda Limuru ilikuwa imeshafunguliwa.

Jumanne, 30 Januari 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alikuwa akiapishwa Uhuru Park kuwa rais wa wananchi, kiapo ambacho serikali ilikiita uhaini. Nilikuwa kwa mama. Amekaa kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda, anatazama umati ukijaa. Mara skrini ikawa nyeusi.

"Mwanangu, stima zimepotea?"

Nikatazama juu. Pangaboi lilikuwa linazunguka. Mama naye akatazama juu, akaliangalia pangaboi, akaiangalia runinga, akaliangalia pangaboi tena. Nikabadilisha kituo: cheusi. Kingine: cheusi. Kingine kilikuwa na watu wanacheza ngoma.

Nilitoa simu, nikaifungua YouTube, na Citizen ilikuwa pale, inarusha moja kwa moja. Tukaiegemeza simu kwenye birika la chai, mama akavaa miwani, tukautazama uwanja mzima wa Uhuru Park kwenye kioo cha inchi tano. Mkongo ulikuwa umefanya kazi ya mawimbi mafupi. Nilifurahi kwa namna ambayo sikuitarajia. Nilimsikia babu akicheka na kukohoa.

Alhamisi, Mahakama Kuu ikaamuru vituo virudishwe. Amri ile ilikuwa wazi kwa mtu yeyote anayejua kusoma. NTV na KTN zilirudi Jumatatu tarehe 5 Februari, na Citizen ikakaa mpaka tarehe 8. Siku hizo za katikati, kati ya amri ya jaji na mkono wa kuiwasha swichi, ndizo zinazoniudhi hadi leo. Jaji alikuwa ameshasema. Ufunguo wa chumba ulikuwa kwa mtu mwingine.

Ile furaha ya simu juu ya birika haikudumu vilevile. Mei 2024 mikongo miwili ya baharini ilikatika, intaneti ikalegea Afrika Mashariki nzima, nikakumbuka kwamba hata nyuzi hizi zinatua mahali fulani, kwenye nyumba fulani yenye mlango. Juni 25 mwaka ule, siku vijana walipoingia Bunge kuupinga Mswada wa Fedha, intaneti ilizorota nchini alasiri hiyohiyo. Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imetangaza kwamba haina nia ya kuizima. Kampuni ya simu iliyo kubwa kuliko zote ikasema ni hitilafu ya mikongo. Mwaka mmoja baadaye, Juni 25, 2025, vijana waliporudi barabarani kuwakumbuka waliouawa, Mamlaka iliagiza vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mawimbi ya NTV na KTN yakakatwa. Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo lile siku ileile.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Skrini ilipokuwa nyeusi hakuuliza kuhusu stima. Aliinua macho kwa pangaboi, akaona linazunguka, akanyoosha mkono bila kunitazama nimpe simu.

*

Haya yote nilimsimulia shemeji pale kando ya barabara, kwa kirefu kuliko nilivyokusudia, mvuke ukifunika vioo vya gari. Nilidhani nimemchosha. Alifuta kioo kwa kiganja, akaitazama milingoti ambayo ameiona kila siku tangu kuzaliwa.

Akaniambia kwamba siku ile ya Januari 2018 alikuwa nyumbani, na picha ilipokatika alidhani upepo umeipindua antena. Alipanda juu ya paa. Baba yake akakaa mlangoni kumwambia kama imerudi, yeye akaigeuza kushoto, akaigeuza kulia, akaikaza waya, akashuka, akapanda tena. Alikaa juu ya bati nusu saa nzima, na milingoti ikionekana vizuri kabisa kutoka pale.

"Niliielekeza upande ule ule," akasema, akionyesha.